Jinsi mdomo unavyopimwa hisia: kutoka bikari hadi uzi wa nailoni

Leo naweka kando hifadhidata na misimbo, niandike historia kidogo. Msikimbie, hesabu zitakuwepo, na mwishoni kuna jaribio nililofanya mwenyewe nyumbani.

Nianze na sababu. Nilizaliwa na mdomo wa juu uliopasuka upande wa kushoto, ule ambao watu huita mdomo wa sungura. Nilifanyiwa upasuaji nikiwa mtoto mchanga, na kila anayeniona husema kazi ilifanywa vizuri. Kliniki nilizopitia zimenipiga picha, zimepima kovu kwa rula na zimenisikiliza nikitamka maneno. Hakuna hata moja iliyowahi kuniuliza: je, unahisi hapo? Na jibu langu siku zote lilikuwa hapana. Nikinywa uji, tone hubaki upande wa kushoto nami sina habari, mpaka mke wangu anionyeshe kwa kidole.

Basi nikajiuliza kama mtu wa programu: hisia inapimwaje? Kitu usichoweza kukipima huwezi kusema umekirekebisha.

Kushona mdomo ni kazi ya zamani sana. Kumbukumbu za China za enzi ya Jin zinamtaja Wei Yangzhi, kijana wa miaka 18 aliyeshonwa mdomo mwishoni mwa karne ya 4, akaambiwa ale uji na asiongee kwa siku 100. Alipona, baadaye akawa gavana. Ukiruka hadi mwaka 1955, Ralph Millard, daktari wa Marekani aliyekuwa amehudumu Korea, alieleza kwenye kongamano la Stockholm mbinu ya kuzungusha upande mmoja wa mdomo na kusogeza mwingine. Mpaka leo madaktari wengi hutumia mbinu iliyotokana na hiyo. Katika historia yote hiyo swali kubwa lilikuwa: unaonekanaje? Unafanyaje kazi?

Lakini hisia ni sehemu ya kufanya kazi. Mdomo wa juu hupata hisia kupitia neva inayotokea kwenye tundu la mfupa chini ya jicho. Matawi yake madogo hufika mpaka ukingoni mwa mdomo, na daktari anapoachanisha ngozi na misuli ili aviunganishe upya, baadhi hukatwa. Tena misuli ya uso ina upungufu: karibu yote haina vile vihisi vya ndani ambavyo misuli ya mkono au mguu hutumia kuuambia ubongo imevutika kiasi gani. Ubongo hutegemea sana ngozi. Kwa hiyo hisia ya ngozi inasaidia kutamka p, b na m, kutabasamu, na kujua kama uji umemwagika.

Wa kwanza kupima mguso kwa mpango alikuwa Ernst Heinrich Weber wa Leipzig, Ujerumani. Mwaka 1834 alichapisha matokeo aliyoyapata kwa bikari, kama ile ya shuleni. Unagusisha ncha mbili kwenye ngozi, unazisogeza karibu, mpaka mtu aseme anahisi ncha moja tu. Ncha ya ulimi ilitofautisha umbali wa kama milimita 1, ncha ya kidole kama 2, sehemu nyekundu ya midomo kama 4 na nusu, na katikati ya mgongo zaidi ya 60. Kwa vipimo hivyo kidole kiliushinda mdomo. Shikilieni hapo, tutarudi.

Bikari ina hitilafu: nguvu ya mkono wa mpimaji haijulikani. Miaka ya 1890 Max von Frey alilitatua hilo kwa nywele. Alibandika nywele za watu na za farasi kwenye vijiti. Ukisukuma unywele wima kwenye ngozi, nguvu inapanda mpaka unywele unapinda, na baada ya hapo ukiongeza kusukuma nguvu haibadiliki sana. Hesabu yake ilijulikana tangu Leonhard Euler, mwaka 1744: nguvu ya kupindisha inategemea unene, ugumu na urefu. Ukikata urefu nusu, nguvu inakuwa mara nne. Kwa hiyo mpimaji mwenye mkono mzito na mwenye mkono mwepesi wanapata jibu moja. Mimi nimeandika programu nyingi zisizo na kinga nzuri namna hiyo dhidi ya mtumiaji!

Lakini nywele hubadilika kukiwa na unyevu, na hazilingani. Nailoni ilipopatikana, Josephine Semmes na Sidney Weinstein waliitumia kuwapima askari wa zamani wa Marekani waliojeruhiwa ubongo vitani, na kazi yao ikatoka mwaka 1960. Seti yao ina nyuzi 20, zenye namba kutoka 1.65 hadi 6.65. Nilipoziona mara ya kwanza nilidhani ni unene. Kumbe ni logi! Unachukua nguvu kwa sehemu za kumi za miligramu, halafu unatafuta logi yake. Uzi wa 2.83 ni 10 kwa kipeo cha 2.83, yaani kama 676, ambayo ni miligramu 67.6. Uzi wa 5.07, unaotumika kupima nyayo za wagonjwa wa kisukari, kwa hesabu unatoa gramu 11.7, ingawa kliniki huuita uzi wa gramu 10. Wagonjwa wa ukoma pia wamepimwa sana kwa nyuzi hizi.

Sasa ikabaki hitilafu kubwa kuliko zote: anayejibu. Mtu mwoga wa kukosea husema "ndiyo" akiwa na uhakika kabisa tu. Mwingine husema "ndiyo" kwa kila kitu. Unadhani umepima ngozi, kumbe umepima tabia. Dawa ni kumlazimisha achague. Badala ya kuuliza "umehisi?", unauliza "ilikuwa mara ya kwanza au ya pili?" Asiyehisi kitu atapata nusu tu kwa kubahatisha.

Mwaka 1994 Robert Van Boven na Kenneth Johnson walitumia njia hiyo na vibao vidogo vya plastiki vyenye mifereji. Swali ni moja: mifereji imelala au imesimama? Unaendelea na mifereji myembamba zaidi mpaka mtu ashindwe. Matokeo: mdomo milimita 0.51, ulimi 0.58, kidole 0.94. Yaani mdomo ndio ulioongoza! Miaka 160 baada ya Weber, ngozi ni ileile, ila swali limekuwa bora.

Na waliozaliwa kama mimi? Miaka ya 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina, akiwemo Greg Essick, waliwauliza wenye midomo iliyoshonwa jinsi wanavyohisi. Niliposoma hilo nilikaa kimya kidogo. Kumbe kuna mtu aliyeuliza.

Haya, jaribio langu. Nilinunua uzi mwembamba wa kuvulia samaki, nikaukata vipande, nikaubandika kwenye vijiti na kupima nguvu kwa mizani ndogo ya elektroniki. Mdogo wangu ndiye alikuwa daktari. Kwanza nilifumba macho na kusema "ndiyo" nikihisi. Kulia nilisema ndiyo karibu kila mara. Kushoto, kwa uzi uleule, karibu kila mara nilinyamaza. Kama nilivyotarajia.

Kisha tukalazimisha uchaguzi. Anasema "moja", anasema "mbili", na anagusa mara moja tu kati ya hizo, akirusha sarafu kuamua. Mara 40 kila upande. Kulia nilipata 39. Kushoto nilikuwa nalalamika, "Ndugu yangu, nabahatisha tu, tuache!" Tulipohesabu nilikuwa nimepata 31. Kwa kubahatisha ungetarajia 20.

Si kipimo cha hospitali, najua, na kushoto bado kuko nyuma. Lakini muda wote huu nimekuwa nikisema upande ule umekufa. Haujakufa. Unaongea kwa sauti ya chini, nami nilikuwa nimeshazoea kutousikiliza.

Kama una mtoto aliyeshonwa mdomo, akifika umri wa kuelewa mchezo wa "moja au mbili", mchezeni. Na ukimpeleka kliniki, baada ya picha na rula, mwombe daktari amuulize na hilo swali lingine.