Mwiko wa Nyangwe: ufundi uliorudi pamoja nasi



Siku tulipokimbia, kila mtu alibeba alichoweza: mtoto, godoro, sufuria. Mwiko ulibaki jikoni. Tuliporudi, moto uliwashwa, unga wa muhogo ukapatikana, lakini bugali hausongwi kwa vidole. Basi katika nyumba nyingi kazi ya kwanza ilikuwa kuchonga mwiko.

Siye si wa kwanza kurudi hapa. Nyangwe ilijulikana kwa soko lake kando ya Lualaba, ambako Wagenya walileta samaki kwa mitumbwi. Tarehe 15 Julai 1871, watu wa wafanyabiashara waliotoka pwani walipiga bunduki katikati ya soko. Livingstone, aliyekuwepo, aliandika kwamba waliokufa kwa risasi na kwa kuzama mtoni walikadiriwa kuwa kati ya 330 na 400, wengi wao wamama. Hata hivyo, Cameron alipofika mwaka 1874 alikuta soko linaendelea. Mwaka 1876 Stanley aliandika orodha ya bidhaa zake, na ndani yake mna majembe, mashoka, vyungu, mikeka na viti. Mwiko hakuutaja. Lakini fundi anayechonga kiti hashindwi na mwiko.

Upande wa Pangi, ndugu zetu Walega walikuwa na vijiko vya pembe ya ndovu. Hivyo vilikuwa vya chama cha bwami, alama ya cheo, si vya chakula cha kila siku. Utawala wa Wabelgiji ulipiga bwami marufuku mwaka 1948, na leo vingi vimo katika makumbusho ya Ulaya. Mwiko wa jikoni haukuwa na cheo, ulibaki nyumbani.

Wazee wanatufundisha hivi. Chagua mti mgumu usio na uchungu wala harufu. Uchonge ungali mbichi, maana ukikauka tezo inaruka. Pasua gogo kwa shoka, ufuate nyuzi za mti toka mpini mpaka kichwa. Nyuzi zikikatwa, mwiko utavunjika ndani ya sufuria. Tezo inatoa umbo, kisu kinamaliza. Ukaushe kivulini, jua litaupasua. Halafu sugua kwa majani ya msasa, paka mafuta ya mawese. Wa bugali uwe mrefu na mnene. Wa wali uwe mpana na mwepesi.

Sasa shida yetu. Wanaojua kazi hii ni wazee, na tezo nyingi zilipotea wakati wa vita. Vijana wanakwenda kwenye machimbo ya dhahabu. Mwiko wa kununua unapatikana, ndiyo, lakini anayejua kuchonga mwiko atachonga pia mchi, mpini wa jembe, na kesho kiti.

Kwa hiyo tunaomba: mfadhili atusaidie tezo na mashoka. Mwanachama mwenye tezo isiyo na kazi ailete. Na mzee anayejua kuchonga, aje mkutanoni pamoja na mjukuu wake.