Mwalimu Mkuu Aliyerudi Darasani

Jumapili moja baada ya ibada mwalimu mmoja alinishika mkono mlangoni pa kanisa akasema, "Pasta, tangu serikali ipige marufuku kiboko shuleni mwaka 2001, tabia njema tutaifundisha kwa kitu gani?"

Sikumcheka. Swali lake ni la haki. Nilimsimulia habari za Edward Carey Francis, na mtu huyo alikuwa mkali kweli kweli.

Francis alifundisha hesabu Cambridge, Uingereza. Mwaka 1928 aliiacha kazi hiyo ya heshima, akaja Maseno kuwa mwalimu mkuu wa shule ya misioni ya CMS. Mwaka 1940 alihamia Alliance, kule Kikuyu, shule iliyoanzishwa na makanisa ya Kiprotestanti mwaka 1926. Wito wa shule ni kuwa na nguvu ili kutumikia. Siku zile kijana aliyesoma hadi huko alionekana bwana mkubwa kijijini, na wengi walitafuta elimu ili wasishike jembe tena. Hapo ndipo vita vya Francis vilipokuwa. Alitaka msomi ajue kuinama.

Wala msidhani namsifu kwa kila jambo. Aliuamini mno utawala wa Waingereza. Ngũgĩ wa Thiong'o aliingia Alliance mwaka 1955, wakati wa hali ya hatari, naye ndugu yake alikuwa msituni na Mau Mau. Aliporudi nyumbani kwa likizo ya kwanza alikuta kijiji chao kimebomolewa. Kijana wa namna hiyo, ukimhubiria utii kila asubuhi, atakusikiaje? Mtoto huyapima maneno yetu kwa yale anayoyaona nje ya lango la shule. Sisi wahubiri tunalisahau jambo hili upesi.

Lakini tazameni alilofanya mwaka 1962. Alipomaliza kazi Alliance angeweza kwenda kwao kupumzika. Badala yake alikwenda Pumwani, mtaa wa watu wa hali ya chini jijini Nairobi, akawa mwalimu wa kawaida chini ya mwalimu mkuu mwingine. Mwaka uliofuata wanafunzi wake kadhaa wa zamani walikuwa mawaziri. Mzee wao alikuwa akisahihisha madaftari ya hesabu.

Someni Yohana sura ya 13. Bwana wetu alipojifunga kitambaa na kuwaosha wanafunzi wake miguu, hakushika fimbo. Petro alikataa kwanza kwa aibu, na nadhani aibu ile ilimfunza zaidi ya kemeo.

Mwalimu wangu alinisikiliza, kisha akasema, "Lakini Pasta, huyo aliheshimiwa kwanza, ndipo akashuka. Mimi sijapanda bado." Nilikosa jibu la haraka. Nilimwambia tu kwamba pale Pumwani wavulana wale hawakuwa wamemjua alipokuwa mkubwa. Walimwona mzee anayeingia darasani kila siku na chaki yake, hata alipofariki mwaka 1966, akiwa bado mwalimu wao.