Zamu ya Kisimani

Katika mwaka wangu wa kwanza wa ualimu, katika shule moja ya Elwak, palikuwa na mwanafunzi aliyenishinda. Alikuwa kijana mpole, mwepesi wa kuelewa, lakini mchelewaji. Juma la kwanza alichelewa Jumatatu na Alhamisi. Juma la pili alichelewa Jumatano. Juma la tatu alichelewa Jumanne na Ijumaa. Niliandika haya yote katika daftari ya mahudhurio kwa wino mwekundu, na kwa kuwa sikuona mpango wowote katika siku hizo, niliamua kwamba kijana huyu hana mpango. Nilimpa adhabu ya kufagia uwanja, tena nikampa waadhi mrefu juu ya thamani ya wakati. Alinisikiliza kwa adabu, akasema, "Nimesikia, Mwalimu," na siku zake zilipofika akachelewa tena.

Msomaji wangu, waadhi ule nauonea haya mpaka leo. Kisa cha kijana huyu nitakikamilisha mbele, baada ya kukueleza historia ambayo mimi sikuijua siku zile. Maana wako watu wengi, na mimi nilikuwa mmoja wao, wadhanio kwamba kutunza wakati ni elimu iliyoletwa na saa ya mkononi na kengele ya shule; na kwamba kabla ya vitu hivyo watu wa nchi kavu waliishi kama upepo, wakivuma popote na wakati wowote. Hasha! Historia yasema vingine.

Elwak ni mji ulio kusini mwa Kaunti ya Mandera, mpakani mwa Kenya na Somalia, katika njia itokayo Wajir kwenda Mandera. Ng'ambo ya mpaka upo mji mwingine wenye jina lilo hilo. Jina lenyewe ni kumbukumbu. El ni kisima, na Wak ni jina ambalo watu wa nchi hizi walimwitia Mungu kabla Uislamu haujaenea kwao. Basi Elwak ni Visima vya Mungu. Nchi hiyo ni kame. Mvua zake ni haba na hazina ahadi. Kwa hiyo tangu zamani Wagarre na jirani zao, Wasomali wa koo nyingine na Waborana, walikutana visimani na mifugo yao. Na palipo na watu wengi na kitu kimoja, hapana budi pawe na vita ama utaratibu. Vita vimekuwapo, wala historia haifichi hayo. Lakini vita haviwezi kunywesha ngamia kila siku. Utaratibu ndio unaoweza, na jina la utaratibu huo ni zamu.

Waborana, ambao lugha yao husemwa pia na Wagarre wengi wa Kenya, wana mtu maalumu visimani mwao aitwaye abba herrega. Abba ni baba, na herrega ni hesabu. Basi yeye ni baba wa hesabu. Kazi yake ni kusimamia nani atanywesha leo, nani kesho, nani atatangulia na nani atafuata. Neno hilo hilo herrega ndilo wasemaji wa Kioromo wanalolitumia leo shuleni kwa somo la hisabati. Tazama jinsi lugha inavyohifadhi historia: hesabu haikuanzia ubaoni, ilianzia kisimani.

Wala hesabu hiyo si nyepesi. Wakati wa kiangazi ng'ombe aghalabu hunyweshwa siku moja, hupumzishwa malishoni siku mbili, kisha hurudishwa. Mbuzi na kondoo huweza kungoja zaidi kidogo. Ngamia huvumilia juma zima, na pengine zaidi. Mwenye mifugo ya aina tatu huwa na mizunguko mitatu kichwani mwake, kila mmoja na urefu wake, naye huipanga isigongane. Na mizunguko hiyo ina hekima. Maji na majani haviko mahali pamoja. Majani yaliyo karibu na kisima hukanyagwa na kwisha. Majani mazuri yako mbali. Mchungaji anayewaleta wanyama majini kila siku huwakondesha kwa safari, na anayewaacha malishoni bila kuwarudisha huwaua kwa kiu. Ufundi wake ni kujua kipimo cha kati.

Sasa tufanye hesabu, wewe nami. Ngamia mwenye kiu kali huweza kunywa lita 100 kwa mara moja. Tuseme mtu ana ngamia 50: wanahitaji lita 5,000. Tuseme ndoo ya ngozi inateka lita 10: basi zatakiwa ndoo 500. Ikiwa kila ndoo huchukua nusu dakika kushuka, kujaa, kupanda na kumiminwa horini, kazi itakwisha kwa saa 4 na dakika 10. Lakini ikiwa mtekaji anazubaa sekunde 5 tu kwa kila ndoo, atapoteza sekunde 2,500, yaani dakika 41 na zaidi. Kipindi cha darasa ni dakika 40. Kwa hiyo kuzubaa kwa kitambo kisichotosha kupiga mwayo kumekula kipindi kizima. Na kipindi hicho hakikuwa chake. Kilikuwa cha jirani yake, ambaye ngamia wake wamesimama juani wakisikia harufu ya maji.

Hapo, msomaji, ndipo penye kiini cha maneno yangu yote. Kwa mwenye saa peke yake chumbani, kupoteza wakati ni hasara yake mwenyewe. Kisimani, kupoteza wakati ni kunyang'anya. Ndiyo maana hori hutengenezwa kabla ya mifugo kufika, ndoo na kamba hukaguliwa mapema, na wanyama huzuiwa mbali mpaka waitwe kundi baada ya kundi. Na aliyemaliza huondoka. Hakai kisimani kupiga soga.

Nje ya kisima pia wakati ulihesabiwa. Waborana wana kalenda ifuatayo mwezi na nyota, yenye miezi 12 na siku 27 zenye majina, nao wataalamu wake huitwa ayyantu. Mwaka 1973 mtaalamu Asmarom Legesse alitoa kitabu juu ya utaratibu wa Gada, ambamo uongozi hupokezanwa kila miaka 8. Hata historia yao huhesabiwa kwa vipindi hivyo. Wasomali nao wana majira yao manne: Gu ya mvua za masika, Hagai baada yake, Deyr ya mvua za vuli, na Jilali, kiangazi kikali. Musa Galaal, mwanachuoni wa Kisomali, aliandika kitabu kizima juu ya elimu yao ya nyota na hali ya hewa, kikatoka mwaka 1968. Aidha Uislamu uliweka nguzo tano katika siku, na nguzo hizo zilipimwa kwa anga: adhuhuri jua lipinduapo, alasiri kwa urefu wa kivuli, magharibi jua litwapo. Na sisi Waswahili huihesabu saa moja baada ya kucha, si baada ya usiku wa manane. Maana karibu na Ikweta jua hutoka karibu wakati ule ule mwaka wote, nalo latosha kuwa saa ya kila mtu.

Kisha ukaja wakati wa namna nyingine. Reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ilifika Nairobi mwaka 1899, na treni haimngojei mtu. Reli haikufika Elwak, lakini serikali ya kikoloni ilifika, na pamoja nayo tarehe za ofisi na tarumbeta ya kambi. Mwaka 1925 Waingereza waliwakabidhi Waitalia nchi ya Juba, na mpaka ukapita hapa hapa. Mvua hazikuarifiwa habari za mpaka huo. Ziliendelea kunyesha pande zote mbili, na wafugaji waliendelea kuzifuata kwa kalenda yao. Tarehe 16 Desemba 1940, katika Vita Kuu ya Pili, majeshi ya Afrika Kusini na ya Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, yaliwashambulia Waitalia hapo El Wak na kuwashinda. Watu wa mbali, ambao hawakujua hata jina la visima hivi, walikuja kutazama saa zao na kupigana juu yake.

Lakini pigo kubwa zaidi kwa wakati wa watu hawa lilikuja baadaye. Mwezi wa Desemba 1963, siku chache baada ya uhuru, serikali ilitangaza hali ya hatari katika Mkoa wa Kaskazini Mashariki kwa sababu ya vita vya Shifta. Vita vilikoma mwaka 1967, lakini sheria za hatari zilidumu mpaka 1991. Katika miaka ya vita watu wengi walikusanywa katika vijiji vyenye ulinzi, na mifugo mingi ikapotea. Fikiri maana yake kwa mtu ambaye maisha yake ni kuondoka kwa siku yake na kufika kwa siku yake. Waborana wa Isiolo, ambao nao walipatwa na msiba huo, waliyapa majira hayo jina la Gaafa Dhaabaa, yaani wakati wa kusimamishwa. Sijui jina lililo kweli kuliko hilo. Mtu huweza kuibiwa ng'ombe, na huweza kuibiwa miaka.

Wewe usomaye huenda umeonja kitu cha namna hiyo. Baada ya mauaji ya Chuo Kikuu cha Garissa, tarehe 2 Aprili 2015, watu wa Garissa, Wajir, Mandera na Tana River waliamriwa wasitoke nje usiku. Walimu wengi wa kutoka mikoa mingine waliondoka kaskazini katika miaka hiyo kwa hofu, na madarasa yakabaki na ratiba ukutani bila mwalimu mlangoni. Nayasema haya ili usije ukamsikia mtu akikuambia kwamba kila saa iliyopotea imepotezwa na mvivu. Si kweli. Iko saa unayoipoteza, na iko saa unayonyang'anywa. Mwenye akili huzitenganisha: hii ya pili huidai kwa haki, na ile ya kwanza huilinda kwa bidii.

Sasa turudi kwa kijana wangu. Nilipochoka kumwadhibu nilimwita baba yake. Alikuja mzee mrefu, mtaratibu wa maneno. Nilimfungulia daftari langu na kumwonyesha wino mwekundu. Hakujua kusoma, lakini aliniomba nimtajie siku zile moja moja, naye akaweka kijiwe mezani kwa kila siku, pamoja na Jumapili na Jumamosi ambazo mimi sikuziandika kwa kuwa hapakuwa na shule. Jumatatu, Alhamisi, Jumapili, Jumatano, Jumamosi, Jumanne, Ijumaa. "Mwalimu," aliniuliza, "kati ya kijiwe na kijiwe kuna siku ngapi?" Nilihesabu. Zilikuwa mbili, kila mara mbili, bila kukosa hata mara moja. Zilikuwa siku za ng'ombe kunywa, na zamu ya nyumba yao ilikuwa alfajiri. Kijana niliyemwita asiye na mpango alikuwa akifuata mpango ulionyooka kuliko wangu. Mimi ndiye niliyeshindwa kuusoma, kwa sababu niliusoma kwa juma la siku saba.

Nilimwomba mzee radhi. Yeye akanijibu, "Mwalimu, hujakosa kitu. Uliandika alipochelewa, hukupata nafasi ya kuandika alikotoka." Kisha akaenda kuongea na wenzake, na zamu yao ikabadilishwa kwa ya jamaa aliyekuwa akinywesha alasiri. Mazungumzo yale hayakuzidi nusu saa, nami nilikuwa nimemwadhibu mtoto majuma matatu. Kijana hakuchelewa tena.

Leo Elwak ina visima vya mashine, na simu ziko mikononi mwa wachungaji. Lakini mashine nayo ina foleni, na foleni ina zamu. Kwa hiyo yapokee mambo manne kutoka kisimani. Kwanza, ijue zamu yako kabla haijafika. Mtihani nao ni zamu, na siku yake inajulikana. Pili, tengeneza hori kabla ya mifugo: kalamu, kitabu na taa viwe tayari kabla ya saa ya kusoma, ili saa ile isiliwe na kutafuta. Tatu, kumbuka kwamba majani yako mbali na maji, usiishi kisimani. Kazi ina siku yake, na mapumziko, ibada, wazazi na marafiki wana siku zao, nazo si siku zilizopotea, bali ndizo zinazomrudisha mtu kazini na nguvu. Nne, ukimaliza ondoka, maana yuko mwenzako juani.

Na kabla hujamhukumu mtu kwamba hajui wakati, weka vijiwe vyako mezani, hesabu polepole, uone kama si wewe usiyejua zamu yake.