Chuma Hakitupwi

Ukitaka kujua kisu kimefanya kazi kiasi gani, acha makali, tazama pale bapa linapokutana na mpini. Hapo kinoo hakifiki vizuri, kwa hiyo chuma hubaki na upana wake wa siku kilipotoka kwa mhunzi. Kuanzia hapo kwenda nchani, tumbo la kisu huliwa kidogo kidogo kila kinaponolewa, hadi kisu kilichonunuliwa kwa kukatia nyama kinaishia kumenya viazi. Kotama ya mgema huisha hivyo hivyo, na mundu pia. Ndiyo maana historia ya visu ni ngumu kuandika: kinachofanya kazi sana ndicho kisichobaki. Makumbusho hupata jambia lenye ala ya fedha, lililovaliwa siku za harusi na baraza. Kisu cha jikoni huisha jikoni, na kipande kinachosalia hurudi motoni. Kwa kukosa visu vyenyewe, tumezoea kuisoma historia hii katika orodha za bidhaa zilizoingia bandarini, na orodha hizo zimetufundisha kwamba mhunzi wa Afrika Mashariki alikufa pale chuma cha Ulaya kilipofika. Nadhani somo hilo lina nusu ya ukweli. Kilichokufa ni kazi ya kuyeyusha mawe ili kupata chuma. Kazi ya kufua chuma haikufa, ila ilihamia kwenye machimbo mengine.

Kwanza, kisu cha kutoka ng'ambo si mgeni wa karne ya 19. Mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1, unaojulikana kama Periplus ya Bahari ya Erythra, unataja soko la Rhapta kwenye pwani yetu na kuorodhesha bidhaa zilizopelekwa huko: mikuki iliyotengenezwa Muza, bandari ya Yemen, mahsusi kwa soko hilo, pamoja na vishoka, visu na misharasi. Anayesoma orodha hiyo peke yake atasema watu wa pwani hawakuwa na chuma chao. Lakini upande wa bara, magharibi mwa Ziwa Viktoria, utafiti wa mwanaakiolojia Peter Schmidt umeonyesha kwamba chuma kilikuwa kikiyeyushwa katika nchi ya Wahaya yapata miaka 2000 iliyopita, yaani katika zama zile zile. Na kwenye pwani yenyewe hali ilikuja kugeuka. Al-Idrisi, mwanajiografia aliyekamilisha kitabu chake mwaka 1154, aliandika kwamba watu wa Malindi walichimba chuma na kwamba biashara hiyo ndiyo iliyowapa faida kubwa. Chuma cha Sofala nacho, kwa maelezo yake, kilinunuliwa kupelekwa India. Mwanaakiolojia Chapurukha Kusimba amechimbua mabaki ya kazi hiyo kwenye pwani ya Kenya, Galu ikiwemo. Kwa hiyo kwa karne nyingi kisu cha kununua na kisu cha kufuliwa nyumbani viliishi pamoja, na kimoja hakikumfukuza mwenzake.

Ili kuelewa kilichokufa baadaye, ni lazima tutenganishe kazi mbili ambazo mara nyingi huitwa uhunzi bila kubagua. Kazi ya kwanza ni kuyeyusha. Huko Ufipa ilifanyika katika tanuri la udongo refu kuliko mtu, la mita tatu hivi, lililovuta hewa lenyewe kupitia matundu ya chini na kuwaka siku kadhaa. Donge lililopatikana lilisafishwa tena katika tanuri dogo lenye mivuo. Matanuri ya namna hiyo bado yanaonekana katika nyanda za Ufipa. Kazi hiyo ilidai mkaa mwingi, watu wengi, msimu wa kiangazi, na miiko iliyowatenga wayeyushaji na wake zao hadi moto uzimwe. Kazi ya pili ni kufua. Hii inahitaji mtu mmoja, msaidizi wa kuvukuta, nyundo, koleo na fuawe, na inafanyika mwaka mzima. Mfuaji hakulazimika kuwa myeyushaji, wala kuishi karibu na mawe ya chuma. Wahunzi wa Uchagani, waliokuwa mashuhuri kwa mikuki na sime zao, walipata chuma chao Upareni. Jembe lililotoka kwa wayeyushaji wa Usukuma na Uzinza lilisafiri mbali kama bidhaa, kama mahari na hata kama fedha; aliyelipokea angeweza kulilimia, na likishaisha akampelekea mhunzi wa kwao alifanye kisu, na kisu kikiisha kikawa wembe. Mhunzi aliyefua chuma kilichozaliwa kwingine alikuwapo muda mrefu kabla ya meli za mvuke.

Kuyeyusha ndiko kulikokufa, na hakuna haja ya kulificha jambo hilo. Mwanahistoria Walter Rodney, katika kitabu chake cha mwaka 1972 alichokiandika akifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliitaja hali ya Waafrika kuacha kuyeyusha chuma kuwa pengine mfano mkubwa kuliko yote wa teknolojia iliyorudi nyuma. Sababu zake hazikuwa bei ya chuma cha nje tu. Kodi ya kichwa ililazimisha vijana kwenda mashambani kwa wazungu katika miezi ile ile ambayo tanuri lilihitaji mikono yao. Sheria za misitu zilibana ukataji wa miti ya mkaa. Wamisionari waliona miiko na dawa za tanuri kuwa ushirikina. Schmidt na mwenzake Donald Avery walipowaomba wazee wa Kihaya wajenge tanuri na kuyeyusha tena, wazee hao walikuwa hawajaifanya kazi hiyo kwa miongo kadhaa, na ilibidi wajaribu zaidi ya mara moja kabla ya kufaulu. Matokeo yalichapishwa mwaka 1978. Wataalamu wengine wameipinga hoja ya watafiti hao kuhusu namna hewa ilivyopashwa moto kabla ya kufika kwenye mkaa, lakini pingamizi hilo halifuti ukweli kwamba chuma kilipatikana. Maarifa yaliyosubiri hadi kubaki kwa wazee wachache ni maarifa yaliyopotea kama sehemu ya uchumi. Hapo Rodney yuko sahihi.

Kosa linaanza tunapohitimisha kwamba, kwa kuwa tanuri lilizimwa, na kiwanda cha mhunzi nacho kilifungwa. Wahunzi wa Kilimanjaro walikuwa wameanza kufua waya mnene wa chuma ulioletwa na misafara kutoka pwani hata kabla ya Wajerumani kuitawala nchi. Waliukunja, wakaunganisha vipande kwa moto na nyundo, na kutoa mkuki uliopendwa na Wamaasai. Ujenzi wa reli kutoka Mombasa ulianza mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901, ukiambatana na waya wa simu. Utawala wa Kiingereza ukajikuta ukilalamika kwamba Wanandi wanaondoka na nyaya na parafujo za reli kwa ajili ya mapambo na silaha. Kwa ofisa wa wilaya huo ulikuwa uharibifu na uasi, na kweli upinzani wa Wanandi uliendelea hadi kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, alipouawa mwaka 1905. Kwa mtu mwenye nyundo ilikuwa shehena ya chuma safi iliyolazwa mlangoni bila gharama ya mkaa. Baadaye yakaja malori, na kila lori lililokufa liliacha springi. Kipande cha reli kikawa fuawe. Leo ukipita Kamukunji jijini Nairobi au Gerezani jijini Dar es Salaam utasikia kazi hiyo kabla hujaiona.

Mtu anaweza kupinga: kufua vyuma chakavu ni dalili ya ufukara, na mafundi hawa hutumia wanachokiokota kwa sababu hawana bora. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama wangetumia chochote. Hawafanyi hivyo. Nondo za ujenzi zimejaa mjini, tena ni rahisi kufua, lakini fundi anayejua kazi hatengenezi kisu kwa nondo ya kawaida, kwa kuwa kaboni yake ni ndogo na makali yake hulala baada ya siku mbili. Springi ya gari ina kaboni ya asilimia 0.5 hadi 0.6 hivi, na ndiyo inayotoa panga. Tupa iliyochakaa ina zaidi ya hapo, na hufaa kwa kisu kidogo kinachotakiwa kushika makali muda mrefu ingawa huweza kukatika kikianguka. Mtazame fundi akimaliza panga: anakata springi kwa tindo ikiwa nyekundu, anaitandaza kuelekea upande wa makali, anaacha mgongo mnene, kisha anachovya makali peke yake ndani ya mafuta au maji. Anasugua upande mmoja ung'ae, anasubiri joto lililobaki mgongoni litambae kurudi chini, na rangi ya manjano inapofika ukingoni anazima lote. Akiwahi, panga litamegeka, akichelewa, litapinda. Katika kazi hiyo hakuna kipimajoto wala vipimo vya maabara, ila kuna uamuzi, na uamuzi huo hauwezi kuokotwa jalalani. Ni ule ule aliokuwa nao mfuaji wa jembe la Usukuma, akiutumia kwa chuma ambacho yeye hakukiyeyusha.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Hata kama ujuzi umebaki, fundi huyu anategemea mabaki ya viwanda vya wengine, na bei ya panga lake inaamuliwa na panga la kiwandani. Ni kweli. Mapanga ya Birmingham yalijaza maduka ya kikoloni. Baada ya uhuru Tanzania ilijengewa kiwanda cha zana za kilimo Ubungo kwa msaada wa China. Na leo visu vyembamba vya bei ndogo vinauzwa kila gulio. Lakini utegemezi huu una mipaka ambayo orodha za forodha hazionyeshi. Kisu cha dukani hutengenezwa kwa umbo moja kwa watu wote. Mgema anataka kotama yenye mpindo wake, fundi wa jahazi anataka tezo inayolingana na mkono wake, mchinjaji anataka bapa refu lisilotetereka, na hao wote humwendea mhunzi. Halafu kuna maisha ya pili ya bidhaa yenyewe. Panga la kiwandani lililovunjika katikati halirudi kiwandani. Linakatwa kuwa visu viwili na kutiwa mipini mipya. Kwa mwandishi wa forodha panga hilo lilihesabiwa mara moja tu, siku lilipoingia. Kazi yote iliyofuata, ambayo huenda ikachukua miaka mingi kuliko ile ya kwanza, haimo katika daftari lolote, na ndiyo sababu historia iliyoandikwa kwa madaftari humwona muuzaji na kumkosa mhunzi.

Hesabu hiyo iliyokosewa ina madhara hata sasa. Mwezi Januari 2022 serikali ya Kenya ilisimamisha biashara ya vyuma chakavu baada ya nguzo za umeme kuhujumiwa na nchi kuingia gizani. Wizi wa nguzo ni hatari ya kweli na serikali ilikuwa na haki ya kuukomesha. Lakini amri iliyofunga biashara yote kwa mkupuo mmoja iliviona vyuma hivyo kama mali ya wezi na ya wauzaji wakubwa tu, huku kwa mafundi wa jua kali vikiwa ndiyo malighafi. Walioitangulia serikali hiyo katika ofisi za wilaya za Unandi walifanya hesabu ya namna hiyo, wakaona waya na hawakuona nyundo. Sera yoyote ya chuma chakavu, iwe ya kupiga marufuku au ya kukiuza nje ya nchi, inapaswa kuanza kwa kukubali kwamba machimbo ya mhunzi wa leo yamo katika gereji na madampo, na kwamba kuyafunga bila kumwekea njia ni kukamilisha kile ambacho ukoloni, pamoja na kodi zake na sheria zake za misitu, haukuweza kukikamilisha.