Kisu cha askari: cha kuulia au cha kufungulia kopo?

Ukiangalia sinema za vita, kisu cha askari kina kazi moja tu: kumnyatia adui gizani. Nami niliamini hivyo mpaka nilipoanza kusoma habari za Vita Kuu ya Pili. Kumbe askari wenyewe walikuwa na shida nyingine kabisa!

Hebu tuanzie mwaka 1940. Waingereza wawili waliowahi kuwa polisi kule Shanghai, William Fairbairn na Eric Sykes, walibuni kisu cha makomandoo. Chembamba, makali pande mbili, ncha kama sindano. Kwa kumchoma mtu kilifaa sana. Mwaka 1942 Wamarekani wakaiga mtindo huo, wakawapa Marines wa vikosi vya Raiders.

Sasa mpeleke askari huyo kwenye msitu wa visiwa vya Pasifiki. Wiki inaweza kupita hajamchoma mtu. Lakini kila siku anakata kamba, anafungua kopo la chakula, anafyeka matawi, anachimba. Kisu chembamba ukikitumia kubandua kitu, ncha inakatika. Hapo sifa zote za gizani zimekwisha.

Ndiyo maana mwishoni mwa 1942 Marines walipitisha kisu kingine, ambacho wengi tunakijua kwa jina la KA-BAR. Bapa lake lina urefu wa sentimita 18 hivi, ni nene, na lina makali upande mmoja. Halikunjwi, chuma chake kinapita ndani ya mpini mpaka mwisho, kwa hiyo hakuna kiungo cha kulegea. Mpini ni vipande vya ngozi vilivyoshindiliwa pamoja, unashikika hata kiganja kikiwa na jasho. Kitako ni cha chuma, unaweza kugongea mambo za hema. Dosari? Kinashika kutu, lazima ukipake mafuta. Ila ukikinoa kwenye jiwe, kinakubali upesi.

Funzo ninaloliona mimi ni hili: anayechagua vifaa akiwa mezani huwaza dakika moja ya mapambano. Anayevibeba kiunoni huwaza siku nzima, na kisu kikimvunjikia huko porini hana duka la kukimbilia. Kwa hiyo ukiulizwa kisu kipi kinamfaa askari, usiulize kinachoma vipi. Uliza kitafanya nini saa 23 zilizobaki.

Au mnasemaje?