Kupanda miti mirefu: Vifaa na kazi ya mpogoaji Kilimanjaro

KATIKA vihamba vya Wachaga, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, mti mkubwa haukatwi ovyo. Mringaringa na mgrivea huipa kahawa kivuli, na wenye shamba hupata kuni humo humo. Matawi yakizidi kutanda hupogolewa, na hapo ndipo huhitajika mtu wa kupanda.

Wenyeji wamezoea kupanda kwa mikono mitupu, panga likiwa kiunoni. Kitaalamu, hata hivyo, mpandaji huvaa kofia ngumu na mkanda wa usalama unaoshika kiuno na mapaja. Kamba ya kupandia hupitishwa juu ya tawi imara. Atumiapo msumeno, hujifunga kwa kamba mbili, ili akiikata moja kwa bahati mbaya ya pili imshike. Kamba ya kuteremshia matawi huwa nyingine kabisa.

Viatu vyenye miiba ya chuma hutumika kwa mti unaoangushwa tu, kwa kuwa hujeruhi gome la mti unaobaki. Karibu na nyaya za umeme, kama katika mitaa ya mji wa Moshi, kazi haipaswi kuanza kabla umeme haujazimwa.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kuwapatia wafanyakazi vifaa vya kinga. Lakini kibarua aliyeitwa kupogoa mti mmoja kihambani mara nyingi hana mwajiri wa kumdai kamba, na tawi moja lililooza hutosha kumwangusha.