Baraza, Hotuba na Hadhira: Istilahi za Ulumbi katika Historia ya Soy

Istilahi za usemaji wa hadharani huelezwa katika vitabu vya fasihi simulizi kana kwamba hazina historia. Hotuba hufasiliwa kuwa maelezo yanayotolewa mbele ya watu juu ya mada maalumu. Ulumbi, kuwa ustadi wa kuitumia lugha kwa mvuto. Hadhira, kuwa wanaosikiliza. Fasili hizi hazikosei, ila zinanyamazia swali la msingi: ni nani aliyeruhusiwa kusema, na ni nani aliyeruhusiwa kumjibu? Soy, iliyo kaskazini-magharibi mwa Eldoret katika barabara iendayo Kitale, inalidhihirisha pengo hilo waziwazi.

Katika miji ya pwani, baraza ni benchi la mawe lililojengwa mbele ya nyumba. Wakaao hapo hupokezana maneno. Anayesema sasa ndiye atakayesikiliza baadaye. Hotuba, kwa upande wake, ina asili katika khutba ya Ijumaa, ambapo hatibu husema na waumini hunyamaza kwa mujibu wa sheria ya dini. Utawala wa kikoloni ulilitwaa neno la kwanza na kulitia mwenendo wa pili. Baraza la chifu lilihifadhi jina la kikao cha mazungumzo, lakini kazi yake kuu ilikuwa kutangaza kodi na amri. Waliohudhuria waliitwa raia, na haielekei kwamba neno hadhira lingewafaa.

Wanandi, majirani wa uwanda huu, walikuwa na kokwet, yaani mkutano wa wazee wa kitongoji, ambao ulitafuta uamuzi kwa kuafikiana. Lakini Makaburu walifika Uasin Gishu kwa wingi mwaka 1908, na ardhi ikatengewa walowezi wa Kizungu. Katika mashamba ya namna hiyo, Mwafrika alikuwa kibarua au mkaazi kwa mkataba wa kazi, na mwenye shamba ndiye aliyekuwa serikali yake ya kila siku. Lugha ya mahusiano hayo ilikuwa Kisetla. Mwaka 1936 F. H. Le Breton alitoa kitabu cha mazoezi ya Kiswahili cha bara kwa ajili ya askari, mlowezi, mchimba madini, mfanyabiashara na wake zao. Orodha hiyo ya wasomaji yatosha kuonyesha ni nani aliyetarajiwa kusema. Kwa kawaida, sentensi ya amri haina haja hata ya kumtaja anayeamrishwa.

Baada ya uhuru wa 1963, mashamba mengi yaligawanywa au kununuliwa kwa pamoja, na watu wa lugha mbalimbali wakawa majirani. Kiswahili kikapata kazi mpya: kumfikia jirani asiyejua lugha ya msemaji. Hata hivyo, sheria ya mikutano ya hadhara iliyotungwa mwaka 1950 iliendelea kudai kibali, hadi marekebisho ya 1997 yalipoweka badala yake taarifa kwa polisi, isiyopungua siku tatu. Hivyo basi, mkutano wa hadhara ulikuwa istilahi ya polisi kabla haujawa ya mhakiki.

Ni katika mikutano hiyo ambapo nadharia inayomtazama mlumbi peke yake inashindwa kabisa. Katika miaka ya 1990 neno madoadoa lilisikika katika siasa za Bonde la Ufa. Kikamusi, ni alama ndogondogo za rangi tofauti. Kwa jirani aliyetoka kwingine, lilikuwa agizo la kumwondoa. Tamathali haikukaa kinywani mwa msemaji. Ilikamilishwa na wasikilizaji wawili waliosimama uwanja mmoja, mmoja akipiga makofi, mwingine akifikiria mahali pa kuwalaza watoto wake usiku huo. Kuwaita wote wawili hadhira moja ni kuificha tofauti iliyo kiini cha tamathali yenyewe.

Baada ya umwagaji damu wa 2007 na 2008, sheria ya mwaka 2008 iliunda Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa na kuharamisha matamshi ya chuki. Januari 2022 seneta mmoja alilitamka neno lilelile mkutanoni Eldoret, akakamatwa. Alieleza kwamba hakukusudia ukabila. Aprili mwaka huohuo Tume ililiorodhesha pamoja na kwekwe miongoni mwa maneno ya chuki, bila kusubiri nia ya msemaji ithibitike.